Shoka la Fundi wa Mabomba

Kila Jumamosi mchana tunapokutana kwenye chumba cha nyuma cha maktaba, hapa Geelong, Australia, kucheza mchezo wetu wa mezani wa kuigiza mashujaa kwa karatasi na dadu, mwenzetu fundi wa mabomba huwa wa mwisho kuchagua silaha. Hukaa karibu na mlango, viganja vyake vipana vimetulia juu ya karatasi tupu, huku sisi tukigombea panga, pinde na uchawi wa moto. Tukishamaliza huuliza kwa sauti yake nzito, "Tumepungukiwa nini?" Jibu huwa lile lile: mganga. Basi huandika rungu dogo, ngao na dua za kuponya, na vita vikianza humaliza zamu zake akifunga majeraha yetu. Miaka minane imepita hivyo.

Jumamosi iliyopita tulianza kuunda mashujaa wapya. Nerida, anayeongoza mchezo, alimsogezea yeye kwanza kitabu cha silaha. "Leo anza wewe, mzee."

"Na nani atatibu?"

Craig, mchezaji mwenzetu, akacheka. "Mpe shoka uone atakavyojikata mguu."

Hakuna aliyejitolea. Fundi akaanza kukirudisha kitabu, nami nikaona aibu. "Nitatibu mimi," nikasema. "Chagua unachotaka."

Alikwenda moja kwa moja kwenye ukurasa wa mashoka, bila kupekua. Akaandika shoka la mikono miwili, na uwezo wa kupandwa na hasira vitani, ule unaomfanya mtu asahau kujikinga. Zamu yake ilipofika alirusha dadu, akakosa vibaya, kisha akasimama kutuonyesha kwa mikono yote miwili jinsi pigo lilivyompita adui.