Povu la Sabuni ya Maganda

Sabuni ilipoadimika Kampala watu walifua kwa majani ya mpapai, na mimi nikajiona mwenye bahati kuliko wote mjini, maana kazi yangu ilikuwa kutengeneza sabuni. Kusema kweli, kazi yangu ilikuwa kubeba maganda. Nilikuwa mhudumu wa maabara katika chuo kikuu, kijana niliyemaliza kidato cha nne, na koti langu jeupe lilinifunika hadi kwenye vidole. Kila asubuhi nilipanda kilima kutoka Bwaise na gunia la maganda ya matoke, zile ndizi za kupika, kichwani. Wanawake wa njiani waliniuliza kama siku hizi chuo kinasomesha mbuzi.

Niliyemfanyia kazi alikuwa mhadhiri mpya, mwanamke ambaye hajafika miaka thelathini. Wakubwa wake wengi walikuwa wameondoka nchini, hivyo alifundisha madarasa ya watu watatu. Chuo kilikuwa na fungu dogo la fedha la kuwaanzishia utafiti wahadhiri wachanga. Unapewa nusu, unafanya kazi, kisha kamati inakuja kuona. Ikiridhika, unapata nusu ya pili. Isiporidhika, unarudi kwenye chaki yako. Yeye aliomba fungu hilo ili atengeneze sabuni kwa majivu ya maganda na mafuta ya ng'ombe. Barua ya kukubaliwa ilipofika alinishika mikono tukaizunguka meza ya maabara mara mbili, tukaangusha chupa, na wala hatukuiokota.

Sijawahi kufanya kazi kwa furaha kama ile. Tulichoma maganda nyuma ya jengo, tukachuja majivu, tukachemsha mafuta hadi ghorofa nzima ikanuka supu ya kwato. Niliunguza nyusi moja. Alicheka hadi akashika ukuta, kisha akanichorea nyingine kwa mkaa ili niweze kurudi nyumbani kwa heshima.

Siku moja kabla ya kamati kuja, sabuni yetu ilikuwa bonge jeusi, laini kama ugali usioiva. Tuliisugua majini, haikutoa hata tone la povu. Yeye hakuonekana kushtuka sana. Aliniambia tuiache, huenda inahitaji muda, akaenda kufundisha.

Mimi sikuwa na muda. Niliiona kamati ikitikisa vichwa, nikamwona yeye amerudishwa kwenye chaki, na mimi kwenye foleni za kutafuta kazi. Mchana ule nililibeba bonge letu, nikashuka Bwaise mbio. Ndani ya sanduku la mama, chini ya shuka, kulikuwa na mche mzima wa sabuni uliofungwa kwenye gazeti, zawadi ya mjomba wangu mwanajeshi. Mama alikuwa ameuweka kwa ajili ya harusi ya dada yangu. Niliuchukua, nikaliviringisha bonge letu jeusi kwenye gazeti lilelile na kulilaza pale pale, ili mkono wa mama ukipapasa ukute kitu. Maabarani niliukatakata ule mche, nikauyeyusha pamoja na majivu upate weusi, nikaumimina kwenye chombo chetu cha kugandishia.

Kesho yake kamati iliingia na nyuso za mazishi. Mwenyekiti, mzee wa miwani mizito, alinawa mikono. Povu likaja. Akavua koti, akanawa hadi viwiko. Akafua leso yake, mwenzake akafua soksi, na karai likafurika hadi sakafuni. Watu wazima wenye shahada wakateleza wakishikana mabega. Mhadhiri wangu alisimama katikati ya povu, mikono kichwani, akicheka huku machozi yakimtoka. Mwenyekiti akasema inabidi kamati iondoke na vielelezo vya kutosha, wakagawana sabuni yote, wakaifunga kwenye karatasi za ajenda. Hakikubaki hata kipande cha kupima. Nusu ya pili ilipitishwa pale pale. Nami nilicheka kuliko wote.

Ndipo mhadhiri wangu akataka kuitengeneza tena.

Miezi mitano alilitafuta lile povu. Kila bonge lililokaa siku mbili bila povu alilitupa, maana lile la kwanza, alivyojua, lilitoa povu siku ya pili. Aliniuliza siku ile tulifanya nini tofauti. Nikasema labda ni maganda. Akanituma soko la Nakivubo kwa muuzaji wa matoke aliyetupa maganda ya siku ile, nami nilikwenda nikipiga mluzi, nikarudi na gunia. Niliyabeba maganda ya uongo wangu mwenyewe.

Wiki ya harusi, mama alifungua sanduku. Niliitwa kwa sauti ambayo hata majirani waliiitikia.

"Wewe, mche wangu umegeuka kinyesi cha ng'ombe?"

Kwa hasira alilitumbukiza lile bonge kwenye beseni, akalisugua kama anayenisugua mimi. Lilikuwa limekuwa gumu, na polepole likatoa povu, jembamba, la kijivu, kisha likajaa beseni. Mama akanusa mikono yake, akauliza kama ninaweza kumletea mengine.

Nilimnyang'anya nusu, nikapanda kilima nikitweta. Mhadhiri alikuwa ofisini, mbele ya taipureta. Ripoti yake ilitakiwa siku ile, na fungu lilikuwa limekwisha. Nikamweleza yote, nikimwita nyabo, yaani bibi, kwa heshima kuliko siku zote.

"Kwa hiyo ya kwetu ilikuwa nzuri," alisema.

"Ndiyo, nyabo."

"Ilitaka kungojewa tu."

"Ndiyo, nyabo."

Alinawa mikono kwa kipande kile kwenye karai. Povu lilipokuja alianza kucheka, akacheka hadi akaketi sakafuni, nami nikacheka naye kwa sababu ya woga. Kisha akajipangusa, akaniketisha kwenye kiti chake.

"Andika wewe, ssebo," aliniambia, akiniita bwana. "Mimi nitakutajia."

Alinitajia kila kitu: mche wa mama, kamati, miezi mitano. Hakuniongezea kosa wala kunipunguzia. Tulijua wote wawili kwamba kamati iliyofua soksi zake haitampa fungu jingine baada ya kusoma hayo, na haikumpa. Mwaka uliofuata alihamia Nairobi. Lakini siku ile, mbele ya taipureta, mara tatu nilikosea nikaharibu karatasi, na karatasi siku zile ilikuwa adimu kama sabuni. Kila mara alinipa nyingine, nikaanza tena juu ya ukurasa, na mikono yake mizuri, safi, ikinukia majivu karibu na sikio langu.