Zamu ya Kwanza Apewe Mfiwa

Mimi ni mtu wa kushindana. Niliambiwa hivyo nikiwa darasa la tatu na sijawahi kukana. Kwa hiyo msimu ule nilipomaliza wa mwisho katika ligi yetu ya mpira wa Kimarekani, na adhabu ikawa kuwapikia wenzangu chapati, niliapa kwamba haitatokea tena. Nilisukuma unga tangu asubuhi, nao wameketi sebuleni kwangu Parramatta wakiniita kocha na kuuliza kama mchuzi unakuja.

Mtu atauliza Waafrika wanane wa Sydney walitafuta nini katika mpira wa Kimarekani. Mama yangu aliniuliza hivyo hivyo kwa simu, nikabadilisha mazungumzo. Lawama zote ni za Mkenya mwenzetu mmoja, mwanafunzi wa chuo kikuu aliyepanga nyumba Kensington. Alikuwa ameishi Marekani miaka miwili kabla ya kuja Australia, akapata ugonjwa huo huko, akaja kutuambukiza. Mimi niliambukizwa upesi kwa sababu nilifanya kazi ya kuwahudumia wazee, na kila Jumatatu asubuhi, wakati Wamarekani bado wako kwenye Jumapili yao, kulikuwa na mzee mmoja aliyekataa kugusa uji mpaka nimfungulie mechi. Nikimlisha, naye ananifundisha. Kufikia Krismasi nilikuwa naikaripia televisheni kabla yake.

Ligi yetu ilikuwa ya karatasi tu. Kila mmoja anaunda kikosi chake kwa kuchagua wachezaji wa kweli, wale wanaocheza huko Marekani. Wakifanya vizuri wikendi hiyo, wewe unapata pointi ukiwa umekaa kwenye treni. Mchezaji akishachukuliwa na mmoja, mwingine hampati tena mpaka mwaka uishe. Ndiyo maana siku ya kuchagua ilikuwa vita, na zamu ya kwanza watu waliiombea.

Wamarekani wana utaratibu wao wa siku hiyo. Sisi tulikuwa na wetu, kwa kuwa mwenyekiti alikuwa muuguzi mmoja mwenye sauti ya kwaya, aliyeongoza pia chama cha akina mama cha kuchangiana pesa, na hakujua namna nyingine ya kuendesha mkutano. Tulifungua kwa maombi. Tulisomewa kumbukumbu za mkutano uliopita. Aliyechelewa alisimama akajieleza. Zamu zilipatikana kwa kuokota vikaratasi kwenye sufuria, vile vile wanachama wanavyookota kujua nani atapokea mwezi gani. Mwanafunzi alilalamika kila mwaka kwamba kuna programu ya kompyuta inayofanya kazi hiyo kwa sekunde moja. Kila mwaka mwenyekiti alimwambia anyamaze, tunaomba.

Mwaka ninaousimulia, Jumamosi moja mchana sebuleni kwa mwanafunzi, nilitumbukiza mkono kwenye sufuria nikatoa namba moja. Nilitaka kuruka. Nilimjua ninayemtaka: mrushaji fulani, yule wanayemwita kwotabeki, anayesimama nyuma ya wenzake, anaupokea mpira na kuamua uende wapi. Huyo wangu alikuwa na mkono wa ajabu na utulivu wa daktari wa meno. Nilikuwa nimemfuatilia msimu mzima, mechi kwa mechi, na nilijua kwamba nikimpata yeye, sitapika chapati tena isipokuwa kwa hiari yangu.

Tulikuwa saba. Wa nane hatukumtarajia. Alikuwa Mkongo wa Bukavu, mfanyakazi wa ghala, mkubwa wetu kwa umri, na mtu pekee katika ligi ambaye hakuwahi kugombania pointi. Mama yake alikuwa amefariki wiki tano kabla. Karatasi zake za kusafiria hazikuwa tayari, kwa hiyo alimzika kwenye simu. Sisi tulisimama nyuma ya kochi lake tukitazama kaburi likifukiwa kwenye kioo kidogo kile, na mtandao ukikatika mara kwa mara. Tangu siku hiyo tulifanya yale watu hufanya. Tulimpelekea sufuria za chakula, tukamwombea, tukamnunulia mboga, tukakaa naye. Alikuwa akitushukuru kwa adabu na kula kidogo. Zaidi ya kazini, hakuwa anakwenda popote.

Basi alipotokea mlangoni na shati lililopigwa pasi, hata mwenyekiti alisahau kumtaka aeleze sababu ya kuchelewa. Mwenyekiti alichungulia sufuria. Kilibaki kikaratasi kimoja, namba nane. Akakitazama, akamtazama mgeni wetu, kisha akasema jambo ambalo mwanachama yeyote wa chama angelisema.

"Kwenye chama, aliyefiwa hupishwa. Zamu ya kwanza apewe yeye, sisi wengine tusogee nyuma hatua moja."

Mwanafunzi alisema kitu kama hicho hakijawahi kuonekana tangu mchezo huo uanzishwe. Mwenyekiti akamwambia basi leo kitaonekana, akanigeukia na kuuliza mwenye namba moja anasemaje. Sebule nzima ilinitazama. Wewe ungesema nini? Nilisema bila shaka, kaka apite mbele. Nilisema hivyo kwa tabasamu, huku moyoni nina hasira ya mtoto aliyenyang'anywa andazi. Niliona aibu kwa hasira hiyo, lakini haikupungua hata kidogo.

Kilichofuata kilikuwa kama kikao cha matanga, kila mtu na ushauri wake. Mwanafunzi alimsihi amchukue mrushaji, tena huyo huyo wangu, kwa sababu kikosi bila kwotabeki ni mwili bila kichwa. Mwenyekiti alipinga. Warushaji wazuri wako wengi, alisema, lakini mkimbiaji wa kuubeba mpira na kupenya katikati ya majitu ni adimu, na nyumba haianzi kujengwa paa. Mwanafunzi akasema nyumba gani, hii ni hesabu. Wengine wakaingilia, huyu ana umri, yule ameumia goti, yule mwingine kocha wake hampendi. Nusu saa ilipita, na chai ikapoa.

Nami, niliyepaswa kunyamaza, nilisogeza kiti mpaka ubavuni mwa mfiwa na kuanza kumnong'oneza. Nilimwambia yule mrushaji wanayemsifu ana bega bovu. Nilimwambia wanaficha habari hizo. Niliongeza kwamba mke wake anamtaka aache mpira arudi nyumbani. Hakuna hata neno moja lililokuwa la kweli. Nilimdanganya mfiwa mchana kweupe, nikiwa nimeshika kikombe cha chai alichonimiminia mwenyewe. Alinisikiliza akiwa ameinamisha kichwa, akaniuliza ni bega la kulia au la kushoto. Nikasema la kulia. Akaitikia kwa kichwa kama mtu aliyesaidiwa.

Mwenyekiti aligonga meza kwa kijiko. Mfiwa alisimama, akakohoa kidogo, akasema anamchukua mpiga teke.

Hapa lazima nieleze. Mpiga teke huingia uwanjani mara chache, anaupiga mpira kwa mguu kati ya milingoti, anatoka. Katika kuchagua kikosi, yeye huachwa mpaka zamu ya mwisho kabisa, watu wakiwa tayari wanatafuta viatu vyao. Kumchagua wa kwanza ni sawa na kwenda harusini ukala limau. Mwanafunzi alilaza kichwa mezani. Mwenyekiti aliandika taratibu, kwa uso wa huruma. Mfiwa akatueleza kwamba katika watu wote hao, huyo ndiye pekee anayetumia mguu, kwa hiyo ndiye pekee anayecheza mpira. Halafu akacheka. Ilikuwa mara ya kwanza kumsikia akicheka kwa wiki tano, na sisi sote tukacheka naye mpaka machozi.

Kabla kicheko hakijaisha nilikuwa nimeshamtaja mrushaji wangu. Habari za bega sikuzigusa tena. Nilichoona, lakini sikukizingatia, ni kwamba zamu zilizofuata mfiwa alichagua kwa makini sana, wakimbiaji wawili wazuri na wadakaji wenye mikono, na mwanafunzi aliacha kumtania.

Jioni ilipokaribia tulitoka pamoja, mimi na yeye, kungoja basi la mjini tukapande treni. Nilikuwa na furaha, na furaha hiyo ilianza kuniwasha. Nikaanza kumliwaza kwamba mpiga teke si chaguo baya, kuna wiki huleta pointi nyingi. Alinisikiliza mpaka nikamaliza.

"Bega yake haina kitu, dada," alisema. "Nilimuangalia mechi zote za majaribio. Anarusha muzuri kabisa."

Niliangalia viatu vyangu. Nilitamani basi lifike, halikufika. Nikamuuliza kwa nini basi hakumchukua.

"Ulikuwa unamutaka sana. Tangu mama alikufa, watu wananipatia tu. Chakula, pole, leo zamu. Nimechoka kupokea. Nilitaka na mimi nipatie mutu kitu."

Nilikumbuka sufuria zote nilizompelekea, na jinsi nilivyojisikia mwema nikiteremka ngazi za nyumba yake. Katika wiki zote tano sikumwomba hata chumvi. Ningemwambia asante, lakini asante yenyewe niliona ni kama kumrudishia.

Basi lilikuja. Tulipokwisha kukaa nilimwambia, kaka, nina kabati zito limekaa chini kwenye ngazi mwezi mzima, nami naishi ghorofa ya pili. Nimeshindwa nalo.

Akauliza nije saa ngapi.