Mbwa Aliyefundishwa Kuacha Nyama

Mwaka ule mbwa wa mtaa wetu wa Kisugu walikuwa wanakufa. Unaamka asubuhi unasikia kwa fulani mbwa kakutwa amekakamaa langoni, povu mdomoni, na wenye nyumba wameanza kulala na panga chini ya kitanda. Wezi wa upande wetu wana utaratibu wao: kwanza inatangulia nyama yenye sumu, inarushwa juu ya ukuta, kisha wanafuata wenyewe na vyuma vyao. Mjane wa nyumba ya pili walimwingilia hivyo hivyo, na hadi leo mkono wake wa kulia hauwezi kufunga kifungo.

Nyumbani tulikuwa wawili, mimi na baba. Mimi nilikuwa nimerudi kutoka kwenye ndoa ambayo sitaizungumzia hapa, baba nyonga yake mbovu, kaka zangu wako Uarabuni wanatutumia salamu. Kilichokuwa kati yetu na vile vyuma ni ukuta wenye vipande vya chupa juu yake, na mbwa mmoja wa rangi ya udongo asiye na jina. Baba alimwita "wewe".

Baba ni mwalimu wa madrasa, kama baba yake na babu yake, watu waliofuata biashara kutoka pwani wakaishia Kampala. Kwa watu kama sisi kufuga mbwa ni jambo la kutolea maelezo, na baba aliyatoa. Mbwa wa ulinzi ameruhusiwa, alisema msikitini, akasema dukani, akawaambia hata wasiouliza. Ila mate ya mbwa ni najisi. Yakikugusa unaosha mara saba, moja kwa udongo, na hapo baba hakuwa na mchezo.

Chumba cha uani tulikuwa tumempangisha Mkongomani mmoja, mtu wa Bukavu, aliyewahi kutunza mbwa kwenye nyumba ya wageni fulani kule Nakasero. Wenyewe walipohama walimwachia kidude cha plastiki kinachoenea kiganjani. Ukikibonyeza kinalia tak. Mbwa wa mjane alipokufa, alimletea baba kile kidude.

"Papa, mbwa akifanya vizuri, unabonyeza," alimwambia. "Ukishabonyeza, unamupa nyama pale pale, usikawiye. Ile sauti inamwambia, hii ndiyo nilikuwa nataka."

"Nimpe kwa mkono?"

"Kwa mukono, ndiyo."

Baba alimtazama kama mtu aliyekaribishwa nguruwe. Wakajaribu kijiko, mbwa akakilamba, kijiko kikaenda jalalani na mimi nikapoteza kijiko changu cha kupakulia. Wakajaribu kuweka kwenye sahani, lakini baba na nyonga yake kila akiinama anachelewa, na mpangaji anasema umekawia, mbwa amesahau alichokifanya. Mwisho baba akaamua kutupa. Tak, na kipande cha pafu kinaruka. Mpangaji akasema haina neno, bora kifike haraka. Mimi pia sikuona neno.

Nikawa kila nikienda sokoni Kalerwe narudi na mapafu ya ng'ombe, nayachemsha, nayakata vipande vidogo. Baba anakaa kwenye kiti chake barazani, kidude mkono wa kushoto, bakuli mapajani. Somo lilikuwa moja tu, lile tulilolihitaji. Mpangaji anaweka nyama chini, karibu na ukuta. Mbwa akiisogelea, hapati kitu. Akiiacha na kugeuza uso, tak, na baba anamrushia kipande kizuri zaidi. Mwanzoni mbwa alikuwa anavikosa, vinampiga puani. Baadaye akawa hakosi. Anaruka miguu yote minne hewani na kudaka kama golikipa, na baba, mtu ambaye sikumbuki lini alinisifia jambo, anasema, "Umeona huyu?"

Niliona. Nilikuwa na wivu, nisiseme uongo. Baba alitufundisha sisi sote kusoma kwa kiboko, na huyu anafundishwa kwa pafu na sauti ya upole.

Majirani wakaanza kuja kujaribu. Yule wa mkabala, Mganda mwenye duka la vipuri vya pikipiki, alileta nyama ya kuchoma, nyama hasa, akaiweka ndani ya lango. Mbwa akaitazama, akageuza shingo, akamwangalia baba.

"Hajji, hii mbwa inasikia kuliko watoto yangu," akasema yule bwana, na baba akacheka mpaka akakohoa. Usiku ule nilisikia anakoroma. Kwa miezi mingi kabla ya hapo alikuwa analala akiwa amekaa.

Ijumaa moja baba alikuwa ameenda kuswali. Mimi nilikuwa nyuma ya dirisha la jikoni naosha vyombo. Nyama ikaja juu ya ukuta, kipande kikubwa chekundu, juu kabisa ya zile chupa. Mbwa alikuwa amelala kivulini. Aliinua kichwa, akaruka, akakidaka kabla hakijafika chini. Nje ya ukuta boda boda ikawashwa, ikaondoka taratibu. Yeye akanigeukia anatikisa mkia.

Nilitoka mbio. Nilimshika taya kwa mikono yangu miwili, nikamtia vidole kooni, mate yake yakanifika viwikoni, wala sikufikiria udongo wala maji. Mpangaji akaja na maziwa yaliyokorogwa na mkaa. Hayakupita. Mwili ulishaanza kutetemeka na miguu inachimba ardhi. Ilichukua muda mrefu kuliko watu wanavyosema.

Baba alitukuta hapo, mbwa ameshatulia. Alisimama na kanzu yake nyeupe, mbali kidogo, akaangalia ukuta, akaangalia mbwa. Halafu akaniuliza, "Aliokota chini?"

Nilielewa anachouliza. Kama aliokota chini, basi ni mbwa mlafi aliyesahau somo, na mwalimu hana lawama. Kama alidaka, basi tulikuwa tumemfundisha kwa miezi kwamba cha chini si chake na kinachotoka hewani ni chake. Mpangaji naye akanitazama, na macho yake yalikuwa yananiomba niseme ndiyo. Ni neno dogo, na baba ni mzee. Lakini mate ya yule mbwa yalikuwa hayajanikauka mikononi, na nikaona nikisema aliokota nitakuwa namsingizia, naye hana wa kumtetea.

"Hapana, baba," nikasema. "Alidaka."

Baba alikaa chini pale pale kwenye vumbi, na kanzu yake ya Ijumaa.

"Basi alitii," akasema.