Morris ya Mezani

Shangazi yangu ni mwoka mikate, na barabarani anaendesha vizuri kuliko nusu ya watu wenye leseni. Kilichomshinda ni meza.

Kwenye mtihani wa udereva, kabla hujagusa usukani, unasimamishwa mbele ya meza iliyochorwa barabara, mizunguko na vivuko. Unapewa kigari, unakisogeza kwa kidole huku ukifuata sheria. Sasa afande wa kituo chetu hakuwa na vigari. Alikuwa na vizibo vya soda: kimoja gari lako, vingine magari ya watu. Mara ya kwanza Shangazi alipita juu ya vitatu.

"Mama, umeua familia nzima!"

"Familia gani? Si soda hiyo?"

Akafeli. Mara ya pili aliviokota vyote akavitupa pipani, eti barabara chafu. Akafeli na karipio juu.

Hapo shemeji yake, mdogo wa marehemu mumewe, akaanza kuulizia pikapu ambayo Shangazi aliachiwa na mumewe. "Gari linaoza uani, shemeji. Mnatazamana tu." Kikao cha ukoo kikaamua: akifeli tena, pikapu ni ya shemeji. Na bila pikapu, Shangazi atabaki kusambaza mikate kwa baiskeli, huku maduka ya mbali yakiendelea kununua kwa mwoka mwingine, ambaye mkate wake ukiugonga, kama mlango, unatamani kuitikia "karibu".

Mimi, msomi wa nusu stashahada, nikaleta dawa kutoka kwa muuza mitumba: Morris Minor ya chuma, gari la familia la Waingereza wa zamani, ukubwa wa kipande cha sabuni. Kijani, milango inafunguka, taa za mbele zimetoka kama macho ya mtu aliyekaliwa kofia yake.

Shangazi akaigeuzageuza. "Hii sasa ni gari. Hii nikigonga nitaona aibu."

Wiki nzima meza ya kukandia unga ikawa jiji. Honi anapiga kwa mdomo. Nikiweka kikombe njia panda, anakisubiri kipite.

"Shangazi, kikombe hakina dereva."

"Ndiyo maana nakiogopa."

Siku ya mtihani shemeji alituendesha kwa pikapu yenyewe, na tulipofika akabaki kuzungusha funguo kidoleni kama bwana harusi. Akaingia ndani kushuhudia.

Afande alipoiona Morris, sauti ikalainika. "Hii umeitoa wapi?"

"Weka vizibo vyako tufanye kazi, afande."

Akaweka kimoja kwenye mzunguko, upande wa kulia. Shangazi akasimama. Tukasubiri, mpaka mtu akakohoa.

"Endelea, mama."

"Kuna gari kulia."

"Limesimama hilo."

"Madereva wa siku hizi unawajua wewe?"

Afande akakisukuma kizibo kikapita. Shangazi akakipungia mkono, akawasha ishara ya kufikirika, akazunguka taratibu, akaegesha bila kugusa mstari. Akafungua mlango wa Morris ili abiria washuke.

Uzalendo ukamshinda afande. "Hebu lete nikuoneshe namna ya kukata kona." Akaichukua, akaanza kunguruma kwa mdomo, mate yakiruka. Morris ikapaa kwenye kivuko, mlango wazi, ikakanyaga kizibo.

"Simama hapo hapo!" Shangazi akanyoosha kidole. "Hujatoa ishara, mlango hujafunga, na umegonga gari la watu!"

"Mama, hicho ni kizibo tu."

Chumba kizima kikamgeukia. Afande akakitazama kizibo, akatazama mkono wake juu ya Morris, akairudisha polepole kama mtu anayerudisha sufuria ya kuazima iliyotoboka.

"Umefaulu meza," akasema. "Tokeni nje, twende barabarani."

Barabarani hakukuwa na kazi. Aliporudi na karatasi yake, Shangazi akamnyooshea shemeji kiganja. Funguo zikachukua muda kutoka kidoleni.

"Hongera, shemeji," akasema shemeji, akielekea mlango wa mbele.

"Wapi? Nyuma kuna magari. Nenda ukanielekeze nitoke."

Akasimama kule nyuma ya pikapu, suti imekaza, akipunga mikono yote miwili: "Njoo, njoo, kata kushoto, njoo!"

"Sauti, shemeji! Sikusikii!"

Alikuwa anamsikia vizuri kabisa.