Tangazo la Mzee Halifutwi

Nilipoajiriwa baada ya chuo na kampuni inayouza vyombo vya jikoni kwa jumla hapa Kariakoo, nilikabidhiwa tovuti ya ndani ya wafanyakazi. Humo ndimo tulimotakiwa kupata taratibu za likizo, matibabu na zamu. Nilikuta lundo. Utaratibu mpya ulipotoka, uliwekwa chini ya ule wa zamani, na wa zamani ukabaki palepale juu.

"Kwa nini haufutwi?" nilimuuliza afisa utumishi.

"Umetiwa saini na mzee," alisema, yaani mwenye kampuni. "Nani afute neno la mzee? Wewe?"

Sikuona mantiki, ila nilikuwa mgeni, nikauacha palepale.

Siku moja mama wa stoo alipanda ngazi hadi mezani kwangu, kanga mabegani. Binti yake alikuwa anaolewa Masasi wiki ileile. Alikuwa ameomba likizo kwa msimamizi wake, kama tangazo la juu lilivyosema. Kumbe sasa maombi yanapelekwa utumishi, tena mapema. Amekataliwa.

"Mwanangu anaolewa, mimi niko hapa nahesabu masufuria! Kisa tovuti yako, msomi!"

Nilianza kumweleza kwamba utaratibu mpya upo, ni kushuka tu chini kidogo.

"Nishuke hadi wapi? Hadi Mnazi Mmoja?"

Nikashuka mimi, hadi dukani, ambako mzee hukaa karibu na mlango, asimkose mteja wa Moshi wala wa Mtwara. Afisa utumishi alinisindikiza kwa sentensi moja: "Ukifukuzwa, sikukutuma."

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Kuna nini?"

Nikamwonyesha tangazo kwenye simu. Akavaa miwani, akasoma hadi kwenye jina lake.

"Hili bado lipo? Si nilishalibadilisha?"

"Lipo, mzee. Watu wanaogopa kulifuta."

"Wanaogopa nini? Kwani mimi ni Musa, hizi amri kumi?" Wapagazi mlangoni wakacheka. "Futa."

"Naomba ulifute wewe, mzee. Nikifuta mimi, kesho watalirudisha."

Nilidhani nimevuka mpaka. Akaichukua simu, akabonyeza, likafutika. Hapohapo nikaomba na lingine: kila tangazo liwe na idara inayolisimamia, na siku ya mwisho, siku hiyo ikifika, wenyewe walihuishe au litoke.

"Hata yangu?"

"Hasa ya kwako, mzee."

Akaguna, akakubali. Nikamweleza habari za mama wa stoo. Akampigia afisa utumishi: "Yule mama alifuata neno langu. Mwache aende kwa mwanawe."

Mama akasafiri. Mimi nikafagia tovuti, nikazunguka idara kwa idara nikiuliza hili la nani, lile bado linatumika? Wengi walinuna. Likizo nikaipa ukurasa mmoja, juu kabisa, kwa maneno machache, nikawajulisha wote kwenye grupu letu la WhatsApp.

Jumamosi kijana mmoja wa mauzo aliuliza humohumo kwenye grupu: "Jamani, likizo inaombwaje siku hizi?" Kabla sijaandika chochote, ikaingia sauti ya mama wa stoo kutoka Masasi, ngoma na vigelegele nyuma yake.

"Fungua tovuti, iko juu kabisa! Mnapenda kutafuniwa nyie!"

Niliisikiliza mara kadhaa.