Sifa Zilizomfunga Mpiga Picha

Jumanne asubuhi mke wa mzee mmoja mpiga picha alinipigia simu, akasema tu, "Mzee ametuacha." Nimonia ilimchukua ndani ya wiki moja. Kwa miaka mingi marehemu alipiga picha za mpira kwenye viwanja vya vumbi vya Kibera na Kawangware, na picha nyingi za timu zilizobandikwa kwenye kuta za mtaa wa Kisumu Ndogo, alikopanga nyumba, ni kazi yake. Wasomaji wa siku nyingi watamkumbuka: niliwahi kumsifu hapa kwenye safu hii kwa kukataa kamera za kisasa. Aliniambia kwamba ukichungulia kamera yake ya zamani unaona uwanja wenyewe kupitia kioo, lakini zile mpya zina skrini ndogo ndani, unaona picha tu ya uwanja. "Mimi napiga mpira, sipigi televisheni," alisema. Nikaipenda kauli hiyo, nikaifanya kichwa cha makala. Vijana wakaanza kumsalimia nayo: "Niaje, Mzee! Hatutaki televisheni!"

Baadaye tukakutana kwenye fainali ya mtaani katika uwanja wa Kabiro, Kawangware. Goli likafungwa mbele yetu, na yeye hakubonyeza kamera. Akainama, akaniuliza kwa sauti ya chini, "Nani amefunga?" Hapo ndipo aliponiambia kwamba presha ya macho ilikuwa inamla jicho la kulia, la kushoto likifuata, na daktari alishasema kilichopotea hakirudi. Mwenzangu wa gazetini akampa kamera yake mpya achungulie. Skrini ile iliongeza mwanga na kuwakuza wachezaji. "Kumbe namba za jezi zinasomeka," akasema. Kisha akairudisha haraka, maana mashabiki walikuwa wanatutazama.

"Kaa nayo msimu huu," mwenzangu akamwambia.

"Haiwezekani. Huyu aliniandika. Nikionekana na hii, watasema nimejiuza."

"Nitaandika tena," nikasema.

"Utaandika nini? Kwamba sioni? Nani ataniita tena uwanjani?"

Sikuandika. Msimu mzima alizunguka na kamera ya zamani shingoni, akisikiliza kelele za mashabiki ili ajue mpira uko wapi, na picha alizoleta zilikuwa za migongo ya wachezaji. Kila aliyempita alimpigia makofi.

Sisi waandishi tunampenda mtu anayekataa. Tunamsifu kwa kukataa kwake, tunakwenda zetu, na yeye anabaki akiogopa kubadili mawazo mbele ya watu. Mzee huyu alikuwa fundi kwa sababu alijua mpira utakwenda wapi kabla haujapigwa. Hilo ndilo nililopaswa kuandika, na angeweza kubaki nalo akiwa ameshika kamera yoyote.