Mzee Mnali na Kijiti cha Dizeli

Ukitaka kucheka, cheka, lakini haya yalinikuta mwenyewe, saa sita mchana kweupe, tumboni nikiwa na ugali tu na sijaonja hata tone la uraka, pombe yetu ya mabibo.

Nafanya kazi kwenye kituo cha afya huku Ruangwa. Umeme ukikatika, mimi ndiye nawasha jenereta, na mimi ndiye najaza daftari la dizeli. Kazi hii niliirithi kwa marehemu Mzee Mnali, mtu wa Marambo kule Nachingwea. Mzee yule alikuwa hawashi mashine mpaka achovye kijiti chake cha mwanzi kwenye tangi, asome alama, aandike. Akizima, anachovya tena. Mimi nikajiona mjanja, bwana! Kila Ijumaa nilikuwa nakaa kivulini, najaza wiki nzima kwa kukisia.

Ujanja ukaniponza. Siku moja asubuhi mganga mfawidhi, mama mmoja asiye na utani, alikagua: daftari linasema lita themanini, tangini zimo arobaini.

"Nyingine umeziuza kwa nani?"

Sikuwa nimeiba hata kikombe, lakini nani angeniamini? Akanipa mpaka jioni nimletee jibu, la sivyo nikabidhi funguo. Na nina watoto watatu, jamani.

Nikaenda bandani nimejiinamia. Kando ya tangi kachuchumaa mtu wa ovaroli ya bluu, anapiga mluzi. Alipogeuka, niamini, alikuwa Mzee Mnali, ambaye kaburi lake mimi mwenyewe nilishika jembe kulichimba! Ungekuwa wewe ungefanyaje? Mimi nikatanguliza adabu.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Mwanangu, tangi umelipima lini?"

"Sijapima, mzee."

"Na daftari limejaa!" Akacheka mpaka mabega yakatikisika. Akanionyesha kijiti. "Alama hii nimeikata jana ulipozima mashine. Toka nizikwe, anayepima humu ni mimi peke yangu. Haya, tazama."

Akachovya. Kijiti kikatoka kimelowa vidole viwili chini ya alama, na mashine haijawashwa tangu jana.

"Mashine imelala, dizeli inatembea. Shika ule mpira wa nyuma."

Nikainama nikaupapasa. Ulikuwa na ufa, unadondosha taratibu, na mchanga chini unakunywa wote. Nilipoinuka kushukuru, banda tupu. Kijiti kimeegemea tangi, bado kimelowa.

Mama mganga alipouona mpira alicheka, akaniomba radhi. Kijiti akakigeuzageuza. "Hiki si cha marehemu?"

"Ndicho," nikasema.

Siku hizi napima kabla, napima baada. Mara moja tu uvivu ulinirudia, nikashika kalamu kabla ya kijiti. Mluzi ukalia nyuma ya shingo yangu! Nilikimbilia tangi nusura nianguke.

Kwa hiyo nawe unayejaza daftari lako kivulini, nakuonya kwa upendo: pima ndipo uandike. Kuna watu wamezikwa, lakini zamu hawajakabidhi.